We ni kiraka kazini? Anza na hivi vitabu

Ofisini kuna watu wenye fani inayoeleweka, mhasibu, mwanasheria, dizaina, halafu kuna sisi viraka. Leo bajeti, kesho ripoti, keshokutwa unaambiwa ukae kwenye usaili wa watu wa kompyuta na we hata printa inakushinda. Zamani nilikuwa nasoma vya kunifariji tu. Maarufu zaidi ni Range cha David Epstein (2019), kinaanza na Tiger Woods aliyeshika fimbo ya gofu tangu mtoto mdogo kabisa, halafu Roger Federer aliyecheza michezo kibao kabla ya kutulia kwenye tenisi. Kizuri sana kama umeanza kujiona huna fani, ila Jumatatu ikifika kazi ni zilezile.

Kilichonibadilisha mimi ni High Output Management cha Andy Grove, yule aliyekuwa bosi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, cha 1983, kizee kweli. Anaanza na mfano wa kifungua kinywa: yai la kuchemsha, mkate wa kubanika na kahawa, vyote vifike mezani pamoja vikiwa vya moto. Yai ndo linachukua muda mrefu, kwa hiyo ratiba nzima inapangwa kwa kuliangalia yai. Basi hapo nikakumbuka mradi mmoja niliosimamia, nimekimbizana na ukumbi, mabango, fulana, kumbe yai lilikuwa saini ya mtu mmoja ambaye sikumwandikia mpaka wiki ya mwisho, tukaahirisha kila kitu. Siku hizi nikipewa kazi nisiyoijua nauliza kwanza yai liko wapi. Wenzangu wanacheka lakini wanajibu.

Kingine ni The Checklist Manifesto (2009) cha Atul Gawande, daktari wa upasuaji. Yeye na wenzake walitengeneza orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kwenye chumba cha upasuaji, wakaijaribu kwenye hospitali 8, vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Yani watu waliosomea miaka yote hiyo walikuwa wanasahau, sasa mimi ninayegusa mishahara mara moja kwa miezi mitatu, pale mwenzangu akiwa likizo, ntakumbuka nini? Kila kazi ninayoirudia nimeiandikia orodha, nusu ukurasa haizidi.

Getting Things Done cha David Allen nimechukua kitu kimoja tu, kazi ya chini ya dakika mbili ifanye hapohapo. Mfumo wake wa kupanga mafaili ulinishinda.

Halafu hili watu hawalipendi: soma vitabu vya kiada vya wanaoanza. Sio ili ujifanye mtaalamu, ila ujue cha kumuuliza mtaalamu. Mi sasa hivi niko na cha sheria ya mikataba, cha mwaka wa kwanza chuo, kinachosha balaa, na juzi mwanasheria wetu kanitumia mkataba nikamrudishia na maswali manne, wakati zamani nilikuwa naandika "sawa" tu. Mawili yalikuwa ya kijinga. La tatu kanipigia simu.