Wali wa mgeni asiyekuja

Kwetu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, wali haupimwi kwa idadi ya watu wa nyumba. Mama hupima wa nyumbani, kisha huongeza kibaba cha mtu anayeweza kupiga hodi baada ya sala ya adhuhuri: binamu aliyeshuka kutoka Pate, fundi aliyekuja kutazama bomba, shoga yake aliyepita kumjulia hali tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku mgeni asipokuja, mwenyeji hubaki na nusu sufuria ya wali wa nazi, na joto la kaskazi limeingia mpaka dakani.

Siku hizi nasoma sana habari za kupunguza chakula kinachotupwa, na karibu kila anayeandika huanza na ushauri uleule: pika kidogo. Ni ushauri mzuri, ila haunifai. Siwezi kumwambia mama aache kile kibaba, na ukweli ni kwamba sitaki aache. Nyumba ambayo mgeni akiingia watu huanza kuhesabu vipande vya samaki kwa macho, mimi simo. Kwa hiyo nimeshika upande wa pili: kibaba hicho kiende wapi mgeni asipotokea.

Maana kutupwa, kinatupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Nilidhani wenye makosa makubwa ni mahoteli. Kumbe asilimia 60 ilitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, yaani gunia la kilo 90 lililopungua kidogo tu. Na hapa kisiwani mchele haukui. Umepanda lori, ukafika gati la Mokowe upande wa bara, ukavuka kwa mashua, ukabebwa na punda au mkokoteni kwenye vichochoro mpaka dukani. Kisha tuumwage?

Nilichogundua ni kwamba kiporo hakiokolewi asubuhi. Kinaokolewa saa ileile ya mchana watu wanaponawa mikono. Kwetu wali ni wa mchana; usiku tunakula mkate au chapati. Basi sufuria hubaki mekoni imefunikwa, watu wanalala kidogo, na ikifika alasiri wali bado una uvuguvugu katikati. Uvuguvugu huo ndio mbaya. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye hujificha kwenye mchele kwa namna ya spora, na spora hizo hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa kwenye joto zinaamka, zinazaana na kuacha sumu, na sumu inayomtapisha mtu haiondoki hata ukiupasha moto mpaka utoe moshi. Wataalamu wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja. Lamu wakati wa kaskazi, mimi nahesabu saa moja.

Kwa hiyo kabla hata ya kuosha vyombo nachukua sinia pana, namimina wali, nautandaza kwa mwiko mpaka uwe mwembamba kama mkeka. Mvuke unatoka wote kwa pamoja, harufu ya tui inajaa jikoni. Naweka chini ya feni. Punje zikipoa huachana, zinang'aa kidogo kwa mafuta ya nazi. Hapo nautia kwenye bakuli lenye kifuniko na moja kwa moja firijini. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, sibahatishi. Wali wa nazi huchacha upesi kuliko wali mkavu. Ukiona unateleza kwenye vidole, hapo hakuna mapishi ya kuuokoa.

Uliopoa vizuri ndio wenye raha. Mama huusaga pamoja na mchele uliolowekwa, tui zito, hamira, sukari na iliki, akapata mkate wa kumimina. Wali uliopikwa huufanya ule mkate uwe laini, na mtu asiyejua hawezi kudhani kwamba jana ulikuwa kwenye sahani na mchuzi wa kamba. Akiona rojo ni kidogo, anachoma vitumbua. Mimi mwenyewe sina subira ya hamira; naukaanga na kitunguu, pilipili boga na yai, nakamulia ndimu, basi.

Samaki ana hadithi nyingine. Aliyebaki wa kukaanga akipashwa moto peke yake huwa mkavu, watoto wanamsukuma pembeni. Afadhali kumchambua. Nakaa na sahani, natoa miiba kwa vidole, taratibu, maana mwiba wa tafi haukosi kujificha, kisha namponda na viazi vilivyochemshwa, dania, thomu na pilipili mbichi, nafinyanga katlesi, nachovya kwenye yai na kukaanga. Kichwa na mifupa ya changu vinachemshwa kuwa supu. Jodari na nguru nawaogopa zaidi: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, mtu anawashwa mwili mzima, uso unamwiva, na moto wa jiko hauiondoi. Hao wawili firijini mapema, au wasiachwe kabisa.

Vingine havihitaji akili nyingi. Boflo la juzi linachovywa kwenye mayai na maziwa. Machicha ya nazi ni ya kuku wa jirani, naye hutuletea mayai akikumbuka. Maganda ya maembe ni ya punda. Ukichelewa kuyatoa wanakuja kuyafuata wenyewe. Ukoko sijawahi kuona ukibaki nyumba hii.

Kigumu kuliko kupika ni fahari. Shangazi yangu hakubali mgeni apewe kilicholala; kwake hiyo ni aibu ya nyumba nzima. Namuelewa, na wali wa jana nisingemwekea mgeni kwenye sahani mimi pia. Lakini katlesi ni katlesi. Nilipomwambia hivyo alinitazama, akachukua moja, akasema, "Haya mwanangu, ila usimwambie mtu ilikuwa nini." Mama naye hutaja aya ya 31 ya Suratul Aaraf, ile ya kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, na mjadala unaishia hapo, maana shangazi hashindani na mama akishafika kwenye Qurani.

Ramadhani itanipima. Futari ya kwetu ni meza nzima, na majirani wanaleteana sahani mpaka mtu hajui ipi ni ya nani. Viazi vya nazi na mbaazi vitakwenda daku, hilo halinisumbui. Tambi zinavumilia. Kachumbari ndiyo imenishinda kabisa: ikishatiwa chumvi na ndimu, baada ya saa chache ni maji tu, na hata paka wa mtaani, ambao hapa hawachagui, wanainusa na kuondoka. Kwa sasa nakata nyanya na vitunguu mbali mbali, nachanganya bakuli dogo tu watu wakishakaa, na anayetaka zaidi ananiita.