Siku Chausiku Alipopindua Kioo

Nilitoka kuoga, taulo begani, nikamkuta binti yetu ameipa mgongo meza fupi ya sebuleni, ameinama hadi nywele zinafagia sakafu, anaichungulia laptopu katikati ya miguu yake.

"Unafanya nini, mama?"

"Naangalia kompyuta."

"Mbona umeinama?"

"Nayo imeinama."

Kuangalia, kweli. Kila kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa kichwa chini miguu juu. Saa, ambayo Windows 7 huiweka pembe ya chini kulia, ilikuwa imepanda juu kushoto na tarakimu zake zimepinduka. Na juu ya kibodi, upande wa kulia, alikuwa kajikunja Chausiku, paka wetu mweusi, macho kayafumba nusu kama mtu ambaye habari hizo hazimhusu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwaka 2011. Binti alikuwa na miaka mitatu na nusu, Chausiku minne. Alikuwepo pia Jemadari, mbwa mzee wa miaka 11 ambaye kazi aliyobakiwa nayo ni kulala mahali penye nyaya nyingi. Tutamfikia.

Mapenzi ya Chausiku kwa laptopu yangu hayakuwa siri. Paka hustarehe hasa kwenye joto la kati ya nyuzi 30 na 38 za Selsiasi, joto ambalo mimi nikiwa ndani yake navua shati. Ndiyo maana nyumba nzima kwake ilikuwa baridi, isipokuwa mahali pawili: penye jua dirishani, na juu ya mashine yangu. Tulimtafutia mto wake laini, akaunusa mara moja, akarudi kwenye kibodi. Na pembe aliyoipenda ndiyo yenye Alt, Ctrl na mishale, zote zimebanana mahali pamoja. Kwenye mashine ile, ukizibonyeza hizo mbili pamoja na mshale wa chini, kioo kinageuka. Mimi sikulijua hilo kwa miaka mitatu ya kuitumia. Chausiku alilijua kwa makalio.

Kukirudisha kioo kulinitoa jasho baada ya kuoga. Ukisogeza kipanya kulia, mshale unakwenda kushoto. Ukiupeleka juu, unashuka. Nilifika mahali nikainyanyua laptopu yenyewe nikaigeuza juu chini, kioo kikawa sawa lakini kibodi ikawa inaning'inia huku nikiipapasa kwa chini kama mtu anayetafuta funguo mvunguni. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kimya.

"Baba," akasema hatimaye, "paka kaifanya kwa mkia. Wewe una vidole kumi."

Yeye ndiye aliyetafuta kwenye simu yake akapata jibu: Ctrl, Alt, mshale wa juu. Kioo kikasimama wima. Binti akapiga makofi, akainuka naye, uso umemwiva kwa damu iliyokuwa imeshuka kichwani.

Hapo ndipo nilipoona folda haipo.

Ilikuwa inakaa katikati ya kioo, imeandikwa "Mtoto" tu, na ndani yake picha elfu mbili na ushee, kuanzia saa yake ya kwanza duniani. Nikafungua pipa la taka la kompyuta: tupu. Nikatafuta kwa jina: hakuna. Nikamtazama Chausiku, ambaye kwa wakati huo alikuwa anajilamba wayo, na kesi nzima ikajijenga yenyewe kichwani mwangu. Shift ya kulia iko chini ya tumbo lake. Delete iko pembe ya juu kulia, pale alipolaza kichwa. Ukishika Shift ukabonyeza Delete, faili halipiti kwenye pipa, linakwenda moja kwa moja. Kompyuta itauliza kama una hakika. Enter, ya kujibu ndiyo, iko katikati ya hizo mbili, chini ya mbavu za paka. Ushahidi gani mwingine nilihitaji?

Nilihitaji mshirika wake. Nikamgeukia mtoto.

"Ulibonyeza nini?"

"Sijabonyeza."

"Sema kweli."

"Chausiku ndiye alikuwa anaandika. Mimi nasoma."

Sikucheka. Sasa hivi nikiikumbuka nacheka, lakini jioni ile nilipaza sauti, na nilipaza zaidi ya ilivyostahili mtu mwenye urefu wa kufika mapajani mwangu. Mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka, kisha akalia kile kilio kisicho na sauti mwanzoni, mdomo wazi, pumzi imekwama. Nikatoa hukumu palepale: mtoto haruhusiwi kuikaribia kompyuta wiki nzima, na paka atoke nje. Nikambeba Chausiku kwa mikono miwili, nikamweka nje ya mlango, nikafunga. Mke wangu hakusema neno. Kimya chake nakijua. Kina maana nyingi, na "umefanya vyema" haimo.

Kitu kimoja tu nilikifanya sawasawa usiku ule: niliizima mashine mara moja. Kompyuta ikifuta faili haimtoi mpangaji chumbani. Inafuta jina lake mlangoni na kuandika kwamba chumba kiko wazi. Mwenyewe yumo bado, mpaka aletwe mpangaji mwingine asukumiwe humo juu yake. Na Windows haikosi wageni. Hata ukiwa umekunja mikono inaandika hiki na kile kwenye diski. Kila dakika mashine inapowaka, chumba kingine kinachukuliwa.

Kwa hiyo nilifungua skrubu za tumbo la laptopu, nikachomoa diski, nikaitia kwenye kasha la USB, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mezani ya mke wangu. Kazi ya kuchambua nikaipa PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Haina urembo wowote. Dirisha jeusi, maandishi meupe, na namba zinazopanda. Programu hii haijali majina ya faili. Inapita diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, ikiziona inasema hapa pana picha, inaichota. Diski ilikuwa ya GB 250, na njia ya USB ya siku zile ilikuwa nyembamba. Nikavuta kiti, nikakaa kama mtu anayelinda chungu kisifurike.

Saa nane za usiku, kazi ikiwa imepita nusu, Chausiku akalia nje ya dirisha. Jemadari, aliyekuwa amelala chini ya meza juu ya waya wa umeme, akaamka kwenda kumsikiliza mwenzake. Waya ukaenda naye. Kompyuta ya mezani haina betri. Ikakata kauli pale pale, na mimi nikabaki gizani na mbwa ananitazama huku anatikisa mkia.

Niseme ukweli, usiku ule niliwachukia wanyama wote wa dunia. Bahati PhotoRec huandika mahali ilipofikia, ikiwashwa tena inauliza kama iendelee. Ikaendelea. Nikalala juu ya kochi nikiwa nimeushika waya mkononi.

Asubuhi nilikuta mafolda 23, yamepewa majina recup_dir.1, recup_dir.2, hivyo hivyo, kila moja lina mafaili 500. Nilipiga hesabu haraka, nikafurahi. Furaha ilidumu mpaka nilipofungua la kwanza. Vitufe. Vishale. Bendera ndogo ndogo. Matangazo ya kurasa nilizowahi kupita miezi iliyopita. Picha za kwetu zilikuwa zimetapakaa humo kama punje kwenye makapi, kama mia tisa hivi, na kila moja imepoteza jina. Sasa zilikuwa f na safu ya tarakimu. Tarehe zilizofichwa ndani ya picha zilisalia, lakini kamera yetu, kila betri ilipokwisha kabisa, ilirudi Januari 1, 2005. Kwa hiyo nusu ya picha ziliapa kwamba binti yetu alikuwa anatembea miaka mitatu kabla hajazaliwa.

Mia tisa kati ya elfu mbili. Nilikuwa naziangalia Ijumaa jioni, mke wangu akapita nyuma yangu akiwa na kikapu cha nguo zilizokauka.

"Jumapili si ulikuwa unahifadhi picha? Ulisema diski inajaa."

"Niliziweka kwenye flashi."

"Uliziweka, au ulizihamisha?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Sikuwa na jibu. Kwenye kibodi, X na C zimekaa bega kwa bega. Ukishika Ctrl ukabonyeza C, umenakili. Ukabonyeza X, umekata, na ukibandika kwingine, hapa panabaki patupu. Jumapili ile nilikuwa na usingizi. Nilibandika, nikaziona zimefika kwenye flashi, nikaridhika nikaenda kulala. Tangu Jumapili folda haikuwa pale. Siku nne nzima nimefungua mashine na kuifunga, na sikuiona haipo mpaka nilipopata wa kumlaumu.

"Flashi yenyewe iko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo miguu ilipoisha nguvu. Flashi ilikuwa mfukoni mwangu. Jumanne, ofisini, nilikuwa nahitaji ya kubebea slaidi za mkutano. Nikaichomeka, sikuangalia mna nini, nikaifomati, nikatia slaidi zangu.

Mke wangu aliweka kikapu chini. Hakucheka. Alikwenda mlangoni, akamfungulia Chausiku, ambaye aliingia bila haraka, akatupita sote, akaenda kupanda juu ya kompyuta ya mezani kwenye tundu linalotoa joto.

Binti alikuwa chumbani anapanga vitambaa. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mama, Baba alikosea. Picha hukuzipoteza wewe, wala Chausiku."

"Kapoteza nani?"

"Mimi."

Akanitazama vizuri, kisha akaninyooshea kidole kuelekea mlangoni.

"Basi toka nje."

Nilitoka. Alinisindikiza mpaka kizingitini, akafunga mlango kwa mikono miwili kama nilivyofunga mimi. Nilisimama pale nje na Jemadari, ambaye sijui yeye alihukumiwa kwa kosa gani, labda la waya. Nikasikia ndani mama yake anamuuliza kifungo ni cha muda gani, na mtoto anajibu kwamba mpaka aseme yeye. Haikupita dakika tano kitasa kikazunguka.

Flashi ilituonea huruma. Kufomati kwa haraka nako hufuta orodha tu, na slaidi zangu zilikuwa zimechukua sehemu ndogo ya mwanzo. Karibu kila kitu kilirudi. Lakini picha zilizotangulia kuingia kwenye flashi zilikuwa zile za mwanzo wa folda, na mwanzo wa folda ni siku ya kwanza ya binti yetu. Pale ndipo mkutano wangu wa Jumanne ulipokaa. Picha za flashi zilianzia siku ya pili, mtoto keshafunguka macho.

Tukarudi kwenye yale mafolda 23, sasa tukitafuta siku moja tu. Kifungo cha kompyuta kilikuwa kimefutwa, naye alikaa mapajani mwangu akinisaidia kwa namna yake: kila bendera ilipotokea aliomba aione tena. Ya siku ya kwanza tulipata tatu. Mbili zilikuwa vijipicha vile ambavyo kamera huvificha ndani ya picha kubwa. PhotoRec ilivichomoa ikavipa herufi t mwanzoni mwa jina. Ukubwa wake wa stempu. Ukivikuza unaona vigae vya rangi tu, ingawa mke wangu husema katika kimoja anaziona kucha.

Ya tatu ilikuwa picha kamili, nusu. Juu iko wazi kabisa: ukingo wa kitanda, mkono wa mke wangu, na Chausiku, wakati huo bado kinda, kaweka kidevu kwenye godoro anachungulia kitu kilicho chini yake. Masharubu yake yanahesabika. Kisha, katikati ya picha, mstari umenyooka kama uliokatwa kwa rula, na chini yake kijivu kitupu mpaka mwisho. Mpangaji mwingine alikuwa ameshaingia.

"Mimi niko wapi?" binti akauliza.

Nikaweka kidole kwenye kijivu. "Ulikuwa hapa."

Akasogea karibu na kioo mpaka pumzi zake zikaacha ukungu. Akakitazama kile kijivu kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Nimejifunika," akasema. "Nimelala. Ndiyo maana Chausiku haongei."

Nikamuuliza tuipe jina gani, kwa kuwa ile f na tarakimu zake haikuwa jina. Akafikiri. Nikaandika alichosema, herufi kwa herufi, yeye akibonyeza Enter. Nakala zake sasa ziko nne, mahali pane tofauti, na zote zinaitwa usiniamshe.jpg.