Nilivyofika mbele ya kamati ya bajeti kuombea shelta fedha

Majira ya joto ya mwaka 2023 nilikuwa nikipika wali na maharage katika jiko la kanisa moja huko North York, hapa Toronto, Kanada. Walaji walikuwa waomba hifadhi kutoka Kenya, Uganda na kwingineko Afrika, watu waliokuta shelta, yaani makao ya muda ya wasio na pa kulala, zimejaa wakaishia kulala kwenye lami katikati ya mji. Makanisa kama Revivaltime Tabernacle na Pilgrim Feast Tabernacles yaliwafungulia milango, na tarehe 18 Julai serikali ya shirikisho ikatangaza dola milioni 97 kwa ajili ya Toronto. Wengi wetu tulidhani mambo yamekwisha. Nami nilidhani hivyo, hadi mwanamume mmoja wa makamo kutoka Kampala, ambaye kila jioni aliosha masufuria bila kuombwa, aliponiuliza, “Dada, hizo fedha zikiisha, sisi tunahamia wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu nililitafuta kwenye nyaraka za bajeti ya jiji, ambazo nilizisoma kwenye simu wakati wa zamu za usiku, wazee ninaowahudumia wakiwa wamelala. Mwishoni mwa mwaka huohuo jiji lilikuwa na mkakati wa kujenga makao mapya 20 katika kipindi cha miaka 10, kila moja likiwa na nafasi zisizozidi 80, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola milioni 674.5. Nia ilikuwa kuondokana polepole na hoteli zilizokodiwa tangu siku za UVIKO-19, kwa kuwa hoteli ni ya mwenyewe, na mkataba ukiisha anaweza kutaka jengo lake.

Jambo lililonichukua muda kulielewa, na ambalo ningemshauri yeyote anayetaka kusemea suala kama hili aanze nalo, ni kwamba fedha za kujenga shelta na fedha za kuiendesha hazitoki kwenye mfuko mmoja. Ujenzi uko katika bajeti ya maendeleo, ambayo jiji linaweza kuikopea. Mishahara ya wahudumu, chakula, umeme na mlinzi wa usiku viko katika matumizi ya kawaida, na huko sheria ya jimbo la Ontario hairuhusu jiji kupanga nakisi. Ndiyo ile zahanati tunayoijua sote nyumbani: imepakwa rangi, imezinduliwa, haina mganga. Kwa hiyo anayeomba shelta anaomba pia sehemu ya kodi ya majengo ya jirani yake, kodi ambayo ilipanda kwa asilimia 9.5 mwaka 2024, kisha asilimia 6.9 mwaka 2025.

Na jirani huyo, kwa upande wangu, alikuwa Mswahili mwenzangu. Eneo moja lililochaguliwa kwa makao ya watu wazima liko mwendo wa dakika 10 kutoka kwangu, na katika kikundi chetu cha kuzikana sauti kubwa zaidi ya kupinga ilikuwa ya kaka mmoja aliyenunua nyumba huku miaka mingi iliyopita. “Dada yangu,” aliniambia msibani, tukiwa tumeshika vikombe vya chai, “wewe una binti anayepita pale kwenda shule. Tena mimi nilipofika nchi hii hakuna aliyenijengea kitu.” Ningeweza kumkumbusha sebule ya shemeji yake aliyolala miezi saba, lakini nilijizuia. Nilimwuliza watu hao wanalala wapi sasa. Alijibu kwamba wapo kwenye bustani nyuma ya stesheni, na binti yangu hupita hapo pia. Tuliachana bila kukubaliana, ila swali lake kuhusu usalama nililiandika.

Kujiandikisha kuzungumza mbele ya kamati ya bajeti ya jiji kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Januari 2025 jiji lilipotangaza siku za kusikiliza wananchi, nilimwandikia karani barua pepe nikitaja jina na suala langu, nikapangiwa siku. Unaweza kufika mwenyewe au kuzungumza kwa video, na mimi nilitaka nionekane. Kazi ilikuwa kuandika. Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa maombolezo matupu. Niliisoma jikoni, binti yangu akishika saa ya simu, na dakika 3 zilipokwisha nilikuwa bado sijatoka uwanja wa ndege wa Entebbe. Binti alicheka hadi akakaa chini. Niliichana na kubakiza maombi mawili tu: fedha za ujenzi zilizokwisha kupangwa zisisogezwe mbele kwa mwaka mwingine, na makao yanapokaribia kufunguliwa yatengewe mapema fedha za wahudumu, wakiwemo wa usiku. Hilo la usiku lilikuwa swali la kaka.

Siku yenyewe nilingoja zaidi ya saa mbili. Jina langu lilitamkwa kwa namna ambayo mama yangu asingeitambua, nikaenda kwenye kipaza sauti na karatasi yenye doa la mafuta ya kupikia. Sauti ilitetemeka katika sentensi ya kwanza, ikatulia nilipofika kwenye tarakimu. Diwani mmoja aliniuliza swali moja tu: je, ninaishi karibu na mojawapo ya maeneo hayo? Nilipojibu kwamba ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu, na kwamba mtoto wangu hupita hapo, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Naamini jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko yote niliyoandika, nami sikuwa nimeliandika kabisa.

Februari bajeti ilipita, na mpango wa makao mapya ulibaki ndani. Sidai kwamba ni kwa sababu yangu. Tuliozungumza tulikuwa wengi. Mwanamume wa Kampala sasa ana chumba Scarborough na kazi ya usiku kwenye ghala. Kaka yule bado anapinga, lakini wiki iliyopita aliniomba anwani ya karani, ili mwakani naye akaseme lake.