Herufi ya mwisho kwenye picha ya bati

Jana jioni mwanangu, ambaye tangu ajue kusoma hakiachi chochote chenye maandishi, alipanda juu ya kiti sebuleni akaanza kuisoma leso ya nyanya yake katika ile picha ya bati. Alitamka herufi mojamoja kutoka kushoto: I, S, O, U, A, H, akavuka nafasi, akaendelea: A, M, tatu. Hapo akanyamaza, akasogeza uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, kisha akaniuliza kwa nini herufi ya mwisho haisomeki ilhali nyingine zote zinasomeka.

Leso ile imeandikwa WEMA HAUOZI. Picha ya bati haina negativu. Mwanga unaopita kwenye lenzi huchora moja kwa moja juu ya bamba lile lile utakalolitundika ukutani, na kwa hiyo kila kitu hubaki kimegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Katika jina lile karibu herufi zote hazibadiliki zikigeuzwa, isipokuwa Z, ambayo mtoto aliiona kuwa S, na E, ambayo aliisoma kuwa tarakimu. Hayo niliweza kumweleza. Kuhusu W, ambayo pichani ni ya mwisho lakini kwa hakika ndiyo ya kwanza, sikuwa na jibu, kwa kuwa miaka yote hii sikuwahi kuitazama.

Ilikuwa Julai 2016. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umeanza kutetemeka mwaka mmoja kabla, na mimi nilikuwa nikitafuta kila njia ya kumhifadhi, ingawa hatukulitamka neno hilo baina yetu. Studio ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo kuukuu karibu na River Road, Nairobi, lisilo na lifti, na tulipumzika katika kila ngazi. Mpiga picha, kijana mpole, alimwamkia shikamoo na kumpa mkono wenye vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Mama akamuuliza kama ameungua. Akamjibu kwamba ni nitrati ya fedha, ambayo ikigusa ngozi kisha ikaonwa na mwanga huacha weusi usiotoka kwa sabuni, bali kwa siku kupita. Mama, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 aliwapaka hina maharusi wa Majengo, aliielewa kazi hiyo mara moja, akavishika vile vidole na kuvigeuzageuza kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Hapakuwa na taa hata moja. Kulikuwa na dirisha kubwa linaloelekea kusini, na kijana alitueleza kwamba Ulaya wapiga picha hutaka dirisha la kaskazini mwaka mzima, lakini hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua huhama: Julai hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini, kwa hiyo ni katika miezi hii ya baridi na mawingu ambapo dirisha lake hupata mwanga mtulivu usio na miali. Alitueleza pia kwamba ufundi wenyewe ulianzia Ufaransa mwaka 1853, ukapewa hataza Marekani mwaka 1856, na kwamba askari wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko walipigwa picha kama hizi ili waziachie familia zao. Nilihesabu kichwani nikaona kwamba ni ufundi uliotangulia reli kufika Nairobi kwa zaidi ya miaka 40. Jina la bati limebaki tu. Tangu zamani bamba lilikuwa la chuma chembamba, na lake lilikuwa la alumini iliyopakwa rangi nyeusi.

Alimimina kolodioni, kimiminika kinachonata ambacho hubeba dawa ya picha, juu ya bamba, chumba kikajaa harufu kali ya etha, akaingia nalo kwenye chumba cha giza, na baada ya dakika tatu hivi akatoka mbio, kwa sababu bamba lazima lipigwe na lisafishwe likiwa bado bichi. Alikuwa ameweka chuma chenye pembe mbili nyuma ya kichwa cha mama ili kisiyumbe. Akamwomba atulie kwa sekunde nane. Akaondoa kifuniko cha lenzi.

Sijawahi kuona sekunde nane ndefu kama zile. Mama aliukaza uso, akayakaza mabega, pumzi akaizuia, na vyote vikamtii. Mkono wa kulia peke yake, uliokuwa wazi juu ya paja, uliendelea na safari yake ndogo ya kwenda na kurudi. Alijua. Macho hakuyashusha, lakini niliona ule wa kushoto ukianza kujongea taratibu ili uushike mwenzake, kisha ukakumbuka kwamba umeambiwa utulie, ukasimama katikati ya njia.

Bamba lilipotiwa kwenye dawa ya kukazia, sote watatu tuliinamia sinia. Ukungu wa rangi ya maziwa ulianza kusafika kutoka pembeni, na mama akatokea. Leso yake nyekundu ilikuwa imekuwa nyeusi, kwa kuwa kolodioni haiioni rangi nyekundu. Lakini inaiona sana buluu, na ule mviringo hafifu wa buluu ambao uzee ulikuwa umeuzungushia mboni zake, ambao mimi sikuwa nimeutambua kamwe, uling'aa kama mwezi mwandamo. Sikuwahi kumwona mama hivyo. Na juu ya paja, mahali pa mkono wa kulia, palikuwa na kitu kama moshi wa udi.

Nikasema, "Imeharibika."

Kijana aliniuliza, "Una hakika, dada?" Nikamwambia nina hakika. Mama aliitazama kwa muda, akasema tu, "Kama imeharibika, mwanangu, basi tuirudie." Kijana akalipeleka bamba bombani, akalipitisha kidole gumba, na picha ikatoka yote kwa pamoja, kama utando wa maziwa yaliyochemka yakapoa.   Niliitandaza leso mapajani mwake, nikaiingiza mikono yote miwili chini yake, jina likalala mbele. Picha ya pili ilitoka safi. Ikapashwa moto, ikapakwa vanishi yenye harufu ya lavenda, tukashuka ngazi.

Ndiyo iliyoko ukutani. Wageni husema mama ametulia kama malkia, nami hukubali, na kila mara hukumbuka bomba lile.

Jana nilimshusha mtoto kitini, nikaiangua picha ukutani, nikaipeleka dirishani. Pindo la leso limeonekana uzi kwa uzi, na herufi tisa zimekaa imara. Pale kwenye W tu, na kwenye sehemu ya pindo iliyo chini yake, kwa upana wa kiganja hivi, kitambaa kimepoteza ukingo wake. Mkono ulikuwa ukienda na kurudi huko chini, na leso ilikuwa ikienda nao. Nimejaribu kuamua kama jambo hili linanifariji au linaniongezea uzito, na sijaweza.

Nilimwambia mtoto kwamba hapo ndipo ulipo mkono wa nyanya yake. Akaugusa kwa kidole kupitia kioo. Kuhusu bamba la kwanza bado sijamwambia.