Nilivyochagua matairi mapya ya trela letu la safari

Tairi lililotupasukia Julai 2022, kilomita chache baada ya kuupita mji wa Childress, Texas, lilikuwa na kashata, yale meno yanayoshika barabara, ndefu kama za tairi la dukani. Nililitazama pale kando ya barabara ya US 287, malori yakitupita kwa kishindo na mke wangu akiwa amewaketisha watoto mbali na lami, nisielewe ni kwa nini tairi ambalo halijachakaa limebanduka ngozi yote ya juu na kubaki nyuzi za chuma. Ngozi ile, ilipokuwa ikizunguka na kujipiga kwenye trela, kijumba tunacholala safarini na kukikokota kwa pikapu, iling'oa kifuniko cha juu ya gurudumu, ikakata nyaya za taa za nyuma na kupasua ubao wa sakafu chini ya kabati la jikoni.

Nilifunga tairi la akiba, ambalo lilikuwa halijawahi kugusa barabara, tukaendelea pole pole kuelekea Amarillo. Tulipokaribia mji mdogo wa Claude likapasuka la pili. Halikuwa lile la akiba, bali jirani yake, yaani tairi lililobaki la upande uleule. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba trela lenye ekseli mbili (vyuma viwili vya kubeba magurudumu) linapopoteza tairi moja, jirani wa tairi hilo hubeba mzigo wa wawili mpaka dereva atambue na kusimama. Mimi nilichelewa kutambua kwa sababu pikapu haikuyumba, na katika muda huo mfupi jirani yule aliumia kwa ndani bila kuonyesha alama yoyote kwa nje. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba tairi moja la ekseli mbili likipasuka, la pili la upande huo nalo liondolewe, hata kama linaonekana zima.

Usiku ule, tukiwa tumelala Amarillo, nilimpigia simu kaka yangu ambaye kwa miaka mingi aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kwetu Tanzania ilikuwa alfajiri. Nilipomwamkia na kumweleza yaliyotupata, hakuuliza nilinunua tairi la aina gani. Aliuliza mambo mawili tu: "Tairi ni la mwaka gani, mdogo wangu? Na umeshapita mizani?" Sikuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili, na haya ninayoyaandika leo ni matunda ya kutafuta majibu yake.

Swali la kwanza lilijibika kwa tochi. Kila tairi linalouzwa Marekani lina alama ya DOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ubavuni, na tarakimu nne za mwisho za mfululizo huo hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa. La kwetu lilisomeka 1716, maana yake juma la 17 la mwaka 2016, kwa hiyo lilikuwa limevuka miaka sita. Trela tulilinunua kwa mtu mwaka 2020, naye alituambia kwa nia njema kabisa kwamba matairi ni kama mapya, jambo ambalo mimi mwenyewe nililithibitisha kwa kutazama kashata. Hapo ndipo nilipokosea. Tairi la gari la kila siku huisha kwa kusagika barabarani, lakini tairi la trela la safari husafiri majuma machache kwa mwaka, kisha hukaa miezi mingi mahali pamoja, juani, likiwa limebeba uzito wote bila kuzunguka. Kemikali zinazoulinda mpira dhidi ya hewa na jua husambaa vizuri pale tairi linapojikunja na kujikunjua likiwa mwendoni, kwa hiyo tairi linalokaa tu huzeeka vibaya zaidi kuliko linalotembea. Linakufa kwa umri likiwa bado na sura ya ujana. Matairi mengine huandikwa tarehe upande mmoja tu, na upande huo unaweza kuwa umegeukia ndani, kwa hiyo anayetaka kununua trela lililotumika aingie chini na tochi kabla hajatoa fedha. Asisahau tairi la akiba pia, kwani la kwetu, ambalo halikuwahi kutembea, nalo lilikuwa la mwaka 2016.

Swali la pili lilinichukua muda mrefu zaidi, na ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote. Watu wengi wanaotafuta matairi huanza na jina la kampuni, kisha bei. Mimi sasa naamini kwamba mtu hana haki ya kuingia dukani kabla hajapita mizani. Hapa Marekani si kazi ngumu, kwa kuwa vituo vikubwa vya mafuta vya malori vina mizani ya umma, maarufu zaidi ikiwa ile ya CAT Scale, ambayo kwa ada ndogo hukupa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Tulijaza trela kama tunavyosafiri, yaani maji, mitungi ya gesi, vyombo, baiskeli za watoto na vyakula, kisha tukalipeleka.

Magurudumu manne yalikuwa yamebeba jumla ya pauni 6,480, ambazo ni karibu kilo 2,940. Matairi tuliyokuwa nayo ni yale yale ya kiwandani ya ukubwa wa ST205/75R14, daraja C (herufi inayotaja uwezo wa kubeba mzigo), ambayo kila moja huruhusiwa kubeba pauni 1,760 likiwa na upepo wa PSI 50, yaani pauni 50 kwa inchi ya mraba. Mara nne ni pauni 7,040. Mtu akiangalia hesabu hiyo juu juu ataona nafasi imebaki, na mimi niliona hivyo. Lakini trela halina uzito sawa pande zote. Jiko, jokofu na kabati kubwa la vyombo vyote vimepangwa upande wa kushoto. Kwa idhini ya mhudumu, na wakati ambapo hapakuwa na foleni, tulilipanga trela hivi kwamba magurudumu ya upande mmoja tu yasimame juu ya mizani. Upande wa kushoto ulikuwa na pauni 3,420 na wa kulia 3,060. Maana yake kila tairi la kushoto lilikuwa likibeba wastani wa pauni 1,710, karibu asilimia 97 ya uwezo wake wote, tena uwezo wa tairi jipya lililojaa upepo sawasawa, si tairi la miaka sita katika joto la Julai kaskazini mwa Texas. Yaliyopasuka yote mawili yalikuwa ya kushoto.

Mambo mengi yaliyonitatiza yalifunguka mbele ya karatasi ile. Miongoni mwa wenye matrela hapa kuna jina la kejeli wanaloyaita matairi ya bei nafuu yanayotoka ng'ambo, "mabomu ya China", na nilikuwa tayari kulirudia. Sikatai kwamba ubora hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni. Hata hivyo, tairi linaloondoka kiwandani likiwa limebakiza asilimia chache tu za uwezo wake, kisha likapewa upepo pungufu na kukokotwa kwa kasi ya gari dogo, litapasuka hata likitoka nchi gani.

Kwa hiyo uamuzi wangu wa kwanza haukuhusu jina, bali daraja. Ukubwa uleule wa ST205/75R14 hupatikana katika daraja D, ambalo hubeba pauni 2,040 kwa upepo wa PSI 65. Upande wetu mzito ukigawanywa kwa uwezo huo, kila tairi linatumia karibu asilimia 84 na kubakiza 16 za akiba. Huo ndio mpango ninaoupendekeza kwa yeyote: apime upande mzito, kisha atafute tairi litakalobakiza walau asilimia 15. Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kupanda daraja. Rimu nayo ina kikomo chake cha uzito na upepo, ambacho mara nyingi hupigwa muhuri kwa nyuma, na haifai kutia PSI 65 katika rimu iliyotengenezewa 50. Pia, tairi lenye nguvu zaidi halimpi mtu ruhusa ya kuongeza mizigo, kwa maana ekseli na fremu ni zilezile.

Je, ni lazima yawe matairi yenye herufi ST, yaani yaliyotengenezwa mahsusi kwa trela? Kwa trela letu, jibu langu ni ndiyo. Matairi ya magari madogo yanapofungwa kwenye trela uwezo wake hupunguzwa kwa kugawanywa kwa 1.10, na mbavu zake ni laini mno kwa kijumba kirefu kinachosukumwa na upepo wa pembeni. Suala la matairi ya LT, ya pikapu na malori mepesi, ni gumu zaidi, na wapo wenye matrela mazito ya rimu za inchi 16 wanaoyapenda kwa hoja zenye uzito. Lakini yana gharama ya uwezo: LT235/85R16 ya daraja E hubeba pauni 3,042, wakati ST ya vipimo hivyo hivyo na daraja hilo hilo hubeba 3,640. Anayehamia LT bila kurudia hesabu anaweza kujikuta ameipoteza akiba aliyokuwa nayo.

Wanaopendelea LT wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Baada ya maafa ya matairi ya Firestone kwenye magari ya Ford Explorer, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya TREAD mwaka 2000, na kutokana nayo kikaja kiwango kipya na kikali cha majaribio, namba 139, kwa matairi ya magari madogo na ya LT. Matairi ya ST hayakuingizwa humo. Yaliachwa chini ya kiwango cha zamani, namba 119. Kwa maneno mengine, tairi linalobeba kijumba ambamo familia italala usiku halilazimiki kisheria kufaulu majaribio ambayo tairi la gari la kwendea sokoni linalazimika kuyafaulu. Jambo hili linaniuma. Mtengenezaji anaweza kuvuka kiwango hicho kwa hiari yake, na ndiyo maana katika ST, kuliko aina nyingine yoyote, sifa ya mtengenezaji ina thamani kubwa.

Dalili moja ya hiari hiyo ni herufi ya kasi. Kwa miaka mingi matairi ya ST yalichukuliwa kuwa ni ya kasi isiyozidi maili 65 kwa saa, karibu kilomita 105, isipokuwa pale ubavu wake ulipoandikwa vingine. Siku hizi mengi yana herufi: L ni kilomita 120 kwa saa, M ni 130, N ni 140. Mimi hulisoma hilo kama kipimo cha uwezo wa kustahimili joto, wala si ruhusa ya kukimbia, nami bado sivuki maili 62. Baada ya kulinganisha kampuni tatu zenye sifa nzuri katika soko hili, yaani Goodyear, Maxxis na Carlisle, nilichagua Goodyear Endurance, tairi lililoingia sokoni mwaka 2017, linalotengenezwa Marekani na lenye herufi N katika ukubwa wetu. Yalinigharimu zaidi ya nilivyotarajia. Nililipa bila kunung'unika, kwa sababu ukarabati wa sakafu na nyaya ulikuwa umekula fedha nyingi kuliko matairi yote matano.

Dukani, Machi 2023, nilimwomba fundi anionyeshe tarehe kabla ya kufunga hata moja. Matairi ya kwanza aliyoyatoa ghalani yalikuwa na zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Nikamweleza kwa adabu kwamba ninanunua miaka, wala sinunui mpira tu, naye akaagiza mengine, ambayo yalifika baada ya siku nne yakiwa na alama 0423 na 0523. Niliomba pia valvu za chuma. Valvu ya kawaida ya mpira ina kikomo cha PSI 65, na sikutaka kuitumia ikiwa kwenye kikomo chake kila siku ya safari, hasa kwa kuwa nilikuwa nimeazimia kufunga juu yake vihisi vya upepo vinavyotuma taarifa hadi mbele ya dereva. Vihisi vya namna hiyo ni lazima kwenye magari madogo mapya ya Marekani, lakini trela halilazimiki kuwa navyo, na bila hivyo dereva hana njia ya kujua kinachotokea mita kumi nyuma yake. Kama ningekuwa navyo kule Childress, lile tairi la pili lingepona.

Upepo ninaupima alfajiri, matairi yakiwa ya baridi na kabla jua halijagonga upande mmoja, na ninajaza kiwango kamili kilichoandikwa ubavuni, PSI 65. Mchana katika safari vihisi husoma zaidi ya hapo, kwa sababu joto likipanda kwa nyuzi tano au sita za Selsiasi upepo huongezeka kwa takriban asilimia 2, na hilo tayari limehesabiwa na mtengenezaji. Kupunguza upepo tairi likiwa la moto ni kosa, maana litaamka kesho yake likiwa pungufu, na upungufu ndio unaozaa joto lenyewe. Nati hukazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kupishana kama nyota, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 80 za kwanza.

Trela likiwa nyumbani, magurudumu yote manne yamefunikwa dhidi ya jua na yamesimama juu ya mbao. Baiskeli na mtungi mmoja wa maji vimehamia upande wa kulia. Ndani ya mlango wa kabati la jikoni, juu ya ubao ule tulioubadilisha, nimebandika karatasi yenye namba za DOT za matairi yote matano pamoja na ile ya mizani, na nimeandika mwezi wa kuyaondoa yote, la akiba likiwemo: Januari 2028.