Kujiandaa kwa JUICE: kamera mbili, Nairobi na Mombasa

Mradi umesonga wadau. Septemba 2026 JUICE, kile chombo cha ESA (shirika la anga la Ulaya) kinachoenda Mshtarii, kinarudi kupita karibu na Dunia, na mi sitaki picha tu, nataka tupime kiko mbali kiasi gani na hizi kamera zetu za kawaida.

Kitu kikiwa karibu, mtu wa Nairobi na mtu wa Mombasa hawakioni mahali pamoja kwa nyota. Toka hapa hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 440, so chombo kikiwa umbali wa kilomita 100,000 kinaweza kuonekana kimehama robo digrii, hiyo ni nusu ya upana wa Mwezi, lenzi ya milimita 135 inaiona bila shida.

Saa hii tunajipima na satelaiti za TV, zile dishi zote za mtaa zinaangalia. Ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta na sisi hapa tuko karibu ikweta kabisa, kwa hivyo zimejipanga mstari kupita utosini, na Mintaka, ile nyota ya pembeni ya mkanda wa Orion, inazipita kama nusu digrii tu. Nimesimamisha tripodi juu ya ploti katikati ya kamba za nguo, kamera haifuati nyota, shata sekunde 30. Nyota zinachora vistari lakini satelaiti inazunguka pamoja na Dunia so inabaki kidoti, mwanga wake unarundikana hapo hapo, ndio maana inatokea hata mulika mwizi ikiwaka kule chini. Inafurahisha sana kuiona!

Binamu yangu wa Nyali akapiga dakika hiyo hiyo. Kwa picha yake kidoti kimehamia kaskazini magharibi karibu digrii 0.7, vile hesabu inasema. Saa lazima zifanane lakini, dakika moja tu nyota zishasogea robo digrii.

Alafu njia ya chombo lazima uijue mapema. 2007 Rosetta, chombo kingine cha ESA, ikipita ilidhaniwa asteroidi, ikapewa hadi jina 2007 VN84, mpaka Denis Denisenko wa Urusi akatambua ni yenyewe. Sisi tutatoa namba kwa Horizons ya JPL, ile huduma ya NASA ya mtandaoni inayokuambia chombo kiko wapi angani, kila mtu na koordineti zake.

Desemba ya mwaka huo huo Europa Clipper, chombo cha NASA, pia inapita, ila vuli itakua haijaisha vizuri na mawingu yanaweza kutuziba, kwa hivyo natafuta mtu wa tatu, Lodwar ama Garissa, mwenye tripodi na lenzi ya 135.