Zipu ilifumuka bibi harusi akiwa amepiga magoti

Nashona Kirumba, Mwanza, kibanda changu hakiko mbali na uwanja wa mpira. Oda zangu nyingi ni za sendofu, na siku hizi sendofu bila gauni la koseti, lile la kubana kiuno, ndugu wanaanza kunong'ona kwamba kamati ililala. Nilishona mengi, yote ya kufunga kwa kamba mgongoni huku mbele pameshonwa moja kwa moja. Usingizi nilikuwa naupata.

Akaja dada mmoja wa Igoma, anaishi peke yake. "Fundi, mimi nataka la kufunguka mbele. Nikitaka kulivaa tena, nimwite nani anikaze kamba, jirani?" Nikaona ana hoja. Nikamwekea zipu ya jaketi, ya chuma, ile inayoachana mpaka chini, na nikajiona mjanja kweli.

Nilialikwa ukumbini. Ikafika zamu ya keki, akapiga magoti amlishe mama yake, na hapo zipu ikaachia. Haikuanzia juu, kichwa cha zipu kilikuwa palepale kifuani, kimetulia kama hakihusiki. Meno yaliachana kiunoni, upana wa kiganja. Mashangazi wawili waliwahi na kanga, mshereheshaji akapandisha muziki, mimi nikainamia sahani ya pilau.

Gauni lilirudi kibandani Jumatatu. Nililifumua nikaona kosa si la zipu peke yake. Kamba za nyuma zikikazwa, vipande viwili vya mbele vinavutana, kila kimoja kinataka kwenda kwake, na mvuto mkubwa uko kiunoni. Meno ya zipu hayakuumbwa kuvutwa ubavuni namna hiyo saa nne mfululizo. Halafu mtu akikaa au akipiga magoti, tumbo linaongezeka. Mimi sikuweka hata mfupa mmoja wa chuma, ule ufito mwembamba wa kunyoosha kitambaa, pembeni ya zipu, wala utepe mgumu wa kiuno ndani ya bitana wa kubeba ule mvuto. Na nyuma nilikuwa nimezikaza kingo mpaka zikagusana, hata pa kulegeza hapakubaki.

Nikajaribu kulabu, zile ndogo za sidiria, nikazipanga thelathini na kitu. Nilipolivalisha sanamu langu na kukaza, kati ya kulabu na kulabu pakatokea vijidirisha, bitana inachungulia. Nyingine zikanyooka kama pini. Kulabu naziamini kwenye koseti laini ya urembo, isiyobana mtu. Nikaachana nazo.

Jibu nililipata Mlango Mmoja, kwenye mtumba. Nilikuwa natafuta mashati, nikakuta koseti kuukuu, nyeusi, imechanika ubavuni. Mbele ina vyuma viwili virefu, kimoja kina vitanzi, kingine kina vichwa vidogo kama misumari. Kitanzi kinameza kichwa, basi. Wanakiita baski. "Chukua mayu, hilo halina mtu," muuzaji akaniambia, na bei akanipa ya kitambaa cha kudekia.

Nililifumua lote usiku ule. (Mume wangu aliuliza kama nafungua saa.) Baadaye nilisoma kwamba baski ya kufunguka namna hii ilianza Ufaransa, mwaka 1829, kabla yake baski ilikuwa ubao au mfupa mmoja tu, unachomekwa mbele kunyoosha kifua, na kufungua ni nyuma. Ubora wake ni kwamba mvuto unabebwa na chuma kizima kutoka juu hadi chini, meno hayahusiki. Pia tumbo linanyooka.

Urefu ndio ulionisumbua. Nilimpima yule dada amesimama, nikakata kitambaa, alipokaa chuma kikamchoma chini ya kitovu. Sasa mteja wangu nampima amekaa kwenye kigoda, futi kuanzia chini ya matiti au katikati yake, kutegemea koseti inaishia wapi, hadi pale mapaja yanapoanza kukataa. Mwenye tumbo lililo mbele kidogo namtafutia baski pana, ile nyembamba inapinda.

Kushona nako kuna ukorofi. Upande wa vitanzi unashona mshono ukiacha nafasi kwa kila kitanzi, umepima kwa chaki kwanza. Upande wa vichwa usikate kwa mkasi: chukua msharasi wa fundi viatu, sukuma nyuzi zitengane, kichwa kipite, ukikata, tundu litachanika siku ya pili. Vitanzi vikae kulia kwa mvaaji. Tumia mguu wa cherehani wa kushonea zipu. Mimi nilivunja sindano tatu ndipo nikaufunga.

Ile ya mtumba ilikuwa na kutu ncha moja, na jasho la joto letu hili lingeimaliza. Niliisugua kwa msasa, nikaipaka rangi ya kucha mara mbili.

Zipu sijaitupa. Anayetaka koseti ya saa moja, apige picha Capripoint Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yake, namwekea zipu, ila na mifupa ya chuma pande zote mbili, na nyuma naacha uwazi wa vidole vitatu kati ya kingo. Bibi harusi mwenye matroni wa kumvalisha namrudisha kwenye kamba za nyuma peke yake. Baski ni ya anayejivalisha.

Yule dada nilimpa lake upya, bila malipo. Nilimwelekeza mara mbili: unalegeza nyuma kwanza, ndipo unafungua mbele. Saa tano usiku simu ikaita.

"Dada fundi, vyuma havifunguki, nimevuta mpaka kucha imekatika."

"Kamba umelegeza?"

"Kamba zipi?"